Televisheni Inayogoma: Anza na Umeme, Malizia na Intaneti

Filamu inakatika katikati, kiduara kinazunguka kwenye skrini, na hukumu ya sebuleni hutolewa kabla dakika haijapita: intaneti mbovu. Ni hukumu rahisi kwa sababu mshitakiwa hayupo. Kampuni ya simu iko mbali, seva iko ng'ambo, na hakuna aliyeketi kwenye kochi atakayezitetea. Lakini picha ile imesafiri sana kabla ya kugoma. Imetoka kwenye seva, ikapita kwenye mkongo, ikafika kwenye mnara wa mtaa, ikaingia kwenye ruta, ikarushwa hewani ndani ya nyumba, ikapokewa na kifaa kidogo cha Wi-Fi kilichofichwa nyuma ya skrini, ikafunguliwa na programu, ndipo ikaonekana. Hatua zote za mwisho wa safari hiyo, tangu ruta hadi skrini, zinakula umeme wa soketi moja ya ukutani. Hoja ya sura hii inatoka hapo: katika nyumba ya Likasi, tatizo la televisheni lipimwe kuanzia kwenye umeme kuelekea kwenye intaneti. Vitabu vya maelekezo vinavyokuja ndani ya katoni huanza upande wa pili. Viliandikwa kwa ajili ya nyumba ambazo umeme haukatiki, kwa hiyo swali lao la kwanza ni kasi ya intaneti na la pili ni nywila ya Wi-Fi. Maswali hayo ni mazuri, ila yanaulizwa mapema mno.

Kwa nini Likasi? Mji huu, ulioitwa Jadotville wakati wa Wabelgiji, uko jirani na baadhi ya mabwawa ya kwanza makubwa ya umeme nchini Kongo. Mitambo ya Mwadingusha kwenye mto Lufira, upande wa mashariki, ilianza kazi mwaka 1930 ikiitwa Francqui. Koni, kwenye mto huohuo, ikafuata mwaka 1950, kisha katika muongo huo yakaja mabwawa ya Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, upande wa Kolwezi. Hakuna hata moja lililojengwa ili familia ya mtaa wa Kikula iwashe taa. Mteja alikuwa kampuni ya migodi ya Union Minière, na hasa matangi ya kiwanda cha Shituru mjini Likasi, ambako kuanzia 1929 shaba ilisafishwa kwa kupitisha umeme ndani ya maji ya asidi, kazi inayomeza umeme usiku na mchana. Mali hiyo ilipotaifishwa mwaka 1967 na hatimaye kuitwa Gécamines, mpangilio wa nyaya haukubadilika. Hata ule mstari wa kilomita 1,700 hivi kutoka Inga hadi Kolwezi, uliokamilika mwaka 1982, ulivutwa kwa ajili ya migodi. Na Mwadingusha ilipofanyiwa ukarabati na kuwashwa upya mwaka 2021 kwa uwezo wa megawati 78, fedha zilitoka kwenye mradi wa shaba wa Kamoa-Kakula, ambao nao una njaa yake ya umeme. Mitaa ya watu iliunganishwa kama nyongeza kwenye mfumo uliopimwa kwa viwanda, kisha ikakua haraka kuliko nyaya zake.

Hesabu ya nyaya hizo haihitaji shahada. Umeme unaotoka kwenye kabini ya SNEL, shirika la umeme la nchi, ukiwa na volti 220 hupungua njiani kadiri waya ulivyo mrefu na mwembamba, na hupungua zaidi kadiri watu wengi wanavyovuta kwa pamoja. Saa moja usiku, majiko ya umeme yakiwaka mtaa mzima, nyumba ya mwisho kwenye laini hupata kilichobaki. Saa sita usiku, majiko yakiwa yamezimwa, volteji hupanda tena. Katikati yake kuna delestaji, ule mgawo wa umeme ambao kila mtu wa Likasi anaufahamu, na kuna zile sekunde chache za kurudi kwa umeme ambazo ndizo hatari kuliko kukatika kwenyewe. Sasa jiulize ni saa ngapi watu huketi kutazama televisheni. Ni saa ileile ya majiko. Ndiyo maana malalamiko ya intaneti mbovu hukusanyika jioni. Ni kweli kwamba jioni minara ya simu nayo huelemewa na watumiaji. Sababu mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja, na mtazamaji huiona ile ya mbali tu.

Mtu anayefahamu vifaa atapinga hapa, na pingamizi lake ni la haki. Geuza televisheni yoyote ya kisasa, atasema, usome kibandiko cha nyuma: volti 100 hadi 240. Kifaa kinachokubali volti 100 hakiwezi kusumbuliwa na 170. Ni kweli, na ndiyo sababu televisheni yenyewe mara nyingi hubaki imewaka huku mambo mengine yakiharibika. Tatizo liko kwa jirani yake mdogo. Ruta hulishwa na adapta nyepesi, aghalabu ya volti 12, ambayo kapasita zake huchoka kwa joto na kwa miaka. Umeme ukiyumba kwa nusu sekunde, televisheni inaweza kuvumilia kwa akiba iliyomo ndani yake. Adapta iliyochoka haiwezi: ruta inazimika na kuwaka upya. Kuwaka kwake huchukua dakika moja hadi tatu, kwani lazima ipakie programu zake, itafute mnara, ijitambulishe kwa kampuni, ndipo ianze kurusha Wi-Fi. Taa ya sebuleni imewaka, skrini imewaka, kiduara kinazunguka. Nani atafikiria kwamba umeme ndio uliokatika? Ruta aghalabu imewekwa nyuma ya kabati, na vitaa vyake havionwi na mtu.

Madhara ya kuwaka upya hayaishii kwenye dakika hizo chache. Baada ya delestaji vifaa vyote huamka pamoja, lakini haviamki kwa mwendo mmoja. Televisheni nyingi huwa tayari kabla ya ruta. Hutafuta mtandao, huukosa, huandika kwamba hakuna muunganisho, na baadhi yake hazirudii kutafuta mpaka mtu aingie kwenye mipangilio na kuziamuru. Kisha kuna suala la anwani. Ruta humpa kila mgeni wa Wi-Fi namba yake, ile inayoitwa anwani ya IP, na ruta nyingi za bei nafuu huhifadhi orodha hiyo kwenye kumbukumbu inayofutika zikizimika. Ikiamka, inaanza kugawa namba upya. Televisheni iliyokuwa imewaka wakati wote inaweza kuendelea kushikilia namba ya zamani, na simu iliyoingia sasa hivi ikapewa namba hiyohiyo. Vifaa viwili, anwani moja: leo inacheza, kesho haichezi, na hakuna anayeona kanuni yoyote. Dawa ipo na haina gharama. Ndani ya ukurasa wa ruta kuna sehemu ya kuitengea televisheni namba yake ya kudumu, nayo hufanywa mara moja tu.

Lakini hila ya umeme inayowapotosha mafundi wengi zaidi ni ya saa. Televisheni nyingi hazina betri ndogo ya kutunza muda. Zikikosa umeme kabisa husahau tarehe, kisha huiuliza kutoka kwenye mtandao au kwenye matangazo ya stesheni. Zikikosa jibu, huanza kuishi mwaka zilipotengenezwa. Hapo kila programu ya video hukataa kufunguka, kwa sababu mawasiliano ya siri kati ya programu na seva yake hutegemea vyeti vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kwa televisheni inayoamini kwamba bado ni mwaka 2018, cheti kilichotolewa mwaka jana hakijazaliwa. Ujumbe unaotokea hautaji saa kamwe. Husema tu kuna tatizo la mtandao. Kabla hujaita mtu, fungua mipangilio uangalie tarehe. Upande wa pili wa jambo hilohilo ulionekana tarehe 30 Septemba 2021, pale cheti kimoja kikuu, kilichokuwa kikitegemewa na tovuti nyingi sana zinazotumia huduma ya Let's Encrypt, kilipofikia mwisho wake. Vifaa vya zamani ambavyo watengenezaji wake walikuwa wameacha kuvitumia masasisho vilifungiwa milango siku moja, huku saa zao zikiwa sahihi kabisa. Kwa vifaa hivyo hakuna mpangilio wa kurekebisha.

Ikiwa umeme ndio chanzo cha mengi, basi fedha za kwanza zielekee huko, na hapa kuna habari njema. Ruta ni mlaji mdogo. Nyingi hutumia wati 6 hadi 12. Betri ndogo ya volti 12 na saa-ampea 7, ile inayotumika kwenye vifaa vya ulinzi na taa za dharura, ina nishati ya wati-saa 84. Na kwa kuwa betri ya risasi haifai kunyonywa kupita nusu, tuseme 42. Ruta ya wati 8 itaishi humo saa tano hivi, zaidi ya kukatika kwingi kwa jioni. Televisheni ya inchi 32, kwa wati zake 40 au 60, haiwezi kulishwa hivyo, na wala haihitajiki. Atakayeuliza faida ya ruta iliyo hai wakati skrini imezimika ajibiwe mambo mawili: simu za nyumbani zina betri zake na zitaendelea kutumia mtandao, na umeme ukirudi, televisheni itaikuta ruta ikiwa macho, ikiwa na orodha yake ya anwani, tayari kuijibu saa ni ngapi. Nusu ya matatizo niliyoeleza hayatazaliwa. Tahadhari moja tu. Betri inayochajiwa hupanda kupita volti 14, na ziko ruta za volti 9 na za volti 5 ambazo zitaungua palepale. Soma kibandiko cha adapta, angalia chanya na hasi ziko upande gani wa pini, na ikiwezekana nunua kile kisanduku cha akiba kilichotengenezwa kwa ajili ya ruta, chenye kidhibiti chake ndani. Kwa televisheni yenyewe, kidhibiti cha volteji kinachochelewesha umeme kwa dakika chache baada ya kurudi kina thamani kuliko kile kinachojisifu kwa ukubwa.

Baada ya umeme kutulia, ndipo swali la mtandao lina maana, na hata hapo ni lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo lugha ya sebuleni huvichanganya. Mtandao wa nyumba ni ule kati ya ruta na vifaa. Intaneti ni ile kati ya ruta na dunia. Cha kwanza kinaweza kuwa kizima huku cha pili kimekufa, na kinyume chake. Kipimo ni simu. Isogeze karibu na televisheni, iunganishe na Wi-Fi ileile, na kwanza kabisa zima mega, yaani data, za simu yenyewe, maana simu ikiona Wi-Fi imezubaa hurukia mnara kimyakimya, nawe utaapa kwamba intaneti ya nyumba ni nzima. Kisha andika kwenye kivinjari anwani ya ruta, ambayo kwa kawaida huwa imeandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukurasa ukifunguka, mtandao wa nyumba uko salama, na ikiwa hakuna tovuti nyingine inayofunguka basi shida iko nje ya ukuta wako. Usipofunguka, hata ukinunua kifurushi kikubwa kuliko vyote hakitakusaidia. Na simu ikifanya kila kitu huku televisheni haifanyi, kosa ni la televisheni au la mahali ilipo. Kipimo hiki huchukua dakika chache, ila kina sharti moja ambalo watu wenye haraka hulivunja: badilisha kitu kimoja kwa wakati. Aliyewasha ruta upya, akabadilisha nywila na kufuta programu kwa mkupuo mmoja anaweza kuwa ameponya ugonjwa, lakini hatajua ni dawa ipi, na ukirudi wiki ijayo ataanza tena sifuri.

Mahali ilipo televisheni si jambo dogo katika mji wa nyumba za matofali. Wi-Fi husafiri hasa kwenye mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya kwanza hupenya kuta vizuri zaidi lakini ni barabara yenye msongamano. Kati ya chaneli zake zote, ni 1, 6 na 11 tu zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana, na ruta za majirani zote zimo humo. Ya pili ni pana na tulivu, lakini ukuta mmoja mnene wa matofali ya kuchoma huichosha na wa pili huimaliza. Bati la paa huakisi mawimbi. Na televisheni iliyobanwa ukutani imeuweka mgongo wake wa chuma, pamoja na antena yake ndogo, pale ambapo mawimbi hufika kwa shida. Kwa hiyo iondoe ruta sakafuni, itoe nyuma ya friji, iinue juu ya kabati. Au malizana kabisa na hewa: vuta kebo ya mtandao. Wapo watakaokumbusha kwamba tundu la kebo kwenye televisheni nyingi halipiti megabiti 100 kwa sekunde, na kwamba Wi-Fi ya gigahezi 5 inaweza kuzidi hapo. Hawajakosea. Lakini Netflix yenyewe hupendekeza megabiti 5 kwa picha ya ubora wa juu kamili (Full HD) na 15 kwa ile ya 4K. Mia moja ni nyingi mno kwa filamu moja. Filamu inahitaji mtiririko usiokatika, na waya wa mita kumi unautoa.

Itakuwa dhuluma kudai kwamba intaneti ya nje haina lawama. Kongo ni nchi kubwa yenye pwani nyembamba mno, na mkongo wa baharini uitwao WACS hutua Muanda, upande wa pili wa nchi kutoka Katanga iliko Likasi. Agosti 2023 maporomoko ya udongo chini ya bahari, kwenye korongo la mto Kongo, yaliukata mkongo huo. Tarehe 14 Machi 2024 ulikatika tena pamoja na mingine kadhaa karibu na pwani ya Côte d'Ivoire, na nchi nyingi za magharibi ya Afrika zikapata shida. Likasi iko upande wa kusini-mashariki, ambako nyaya za mawasiliano hupitia pia Zambia, lakini umbali ni umbali. Pamoja na hayo, hitilafu za nje zina sura yake. Hazichagui televisheni moja na kuacha simu iliyo karibu nayo. Humpata kila mteja wa kampuni hiyo mtaani, na hudumu saa au siku. Hazikati kwa dakika mbili na kurudi mara nne kwa jioni. Muulize jirani mwenye laini ya kampuni hiyohiyo. Jibu lake lina uzito kuliko kipimo chochote cha kasi.

Kuna pia kisa ambacho hakina hitilafu yoyote: mega zimeisha. Kwa makadirio ya Netflix, saa moja ya picha ya kawaida hula takriban gigabaiti 1, ya ubora wa juu hula hadi 3, na ya 4K hadi 7. Televisheni, kwa kiburi chake, huchagua ubora mkubwa kuliko yote inaoweza kupata. Kwa mwenye kifurushi cha simu, kuupunguza ubora huo kwenye mipangilio ya programu ni sawa na kuongeza siku za mwezi, na kwenye skrini ya inchi 32 macho hayatalalamika sana. Baadhi ya vifurushi hupunguziwa kasi baada ya kiwango fulani bila kukatwa, na hapo kiduara huzunguka milele huku kila taa ya ruta ikiwa ya kijani. Angalia salio kabla ya kupanda juu ya kabati.

Je, setilaiti haijamaliza mjadala huu? Mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ARPTC, ilipiga marufuku Starlink mwezi Machi 2024, kisha ikaipa leseni Mei 2025, na kwa mwenye uwezo ni njia halali ya kukwepa minara na mikongo. Lakini tazama hesabu ya umeme. Dishi lake la kawaida hula makumi ya wati, mara nyingi zaidi ya 50, dhidi ya zile 8 za ruta ndogo. Betri iliyobeba ruta saa tano italibeba dishi hilo chini ya saa moja. Na kila likizimika hutumia dakika kadhaa kutafuta anga upya. Aliyenunua dishi bila kununua akiba ya umeme amenunua intaneti ya kasi inayozimika pamoja na taa za barazani, na kwake hoja ya sura hii ina nguvu zaidi kuliko kwa mtu wa kifurushi cha simu.

Sehemu kubwa ya utazamaji, hata hivyo, haipiti kwenye intaneti kabisa. Flashi na diski za nje hupita mkono kwa mkono, na matatizo yake yana tabia yake. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haikubali faili moja inayozidi gigabaiti 4, ndiyo maana filamu ndefu hukataa kunakiliwa hata nafasi ikiwepo. Ipange upya kwa exFAT kama televisheni yako inaukubali, ukijua kwamba kuipanga kunafuta vyote vilivyomo. Diski ya nje inayotoa sauti ya kugonga na kutotambuliwa mara nyingi si mbovu. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, na diski inayozunguka huweza kudai karibu mara mbili ya hizo inapoanza. Umeme tena. Hali ni hiyohiyo kwa vile vijiti vya Android vinavyochomekwa kwenye HDMI na kulishwa na USB ya televisheni: vikizidiwa hujizima katikati ya filamu, na lawama huenda kwa kampuni ya simu. Vipe adapta yao.

Halafu kuna faili yenye picha safi isiyo na sauti. Spika hazijafa. Jina la faili, kama MKV, ni la kifurushi tu. Ndani yake picha na sauti zimebanwa kwa mbinu tofauti zinazoitwa kodeki, na televisheni lazima iifahamu kila moja. Samsung iliacha kuifahamu sauti ya DTS kuanzia televisheni zake za 2018, kwa hiyo faili iliyoimba kwenye skrini ya zamani inaweza kuwa bubu kwenye mpya. Kinyume chake hutokea kwa picha: mbinu ya H.265, iliyoidhinishwa mwaka 2013 na inayopunguza ukubwa wa faili sana, haijulikani na televisheni zilizotengenezwa kabla yake, ambazo zitatoa sauti bila picha au zitakataa yote. Kwa tatizo la sauti hakuna haja ya kuibana filamu nzima upya kwa saa nne. Programu ya bure iitwayo ffmpeg inaweza kuiacha picha kama ilivyo na kubadilisha sauti peke yake kuwa AAC au AC3, kazi ya dakika chache kwenye kompyuta ya kawaida. Mwenye kompyuta ya nyumbani anaweza kwenda mbali zaidi na kuweka Jellyfin, programu huru iliyoanza mwishoni mwa 2018, ambayo hugawa filamu kwa televisheni na simu zote kupitia Wi-Fi ya nyumba bila kuiomba intaneti chochote. Plex ni nzuri kwa sura, lakini kwa kawaida hutaka kuthibitisha akaunti yako kwenye seva zake za nje. Kwa Likasi ningechagua Jellyfin bila kusita.

Wamebaki wale wanaosema: ya nini yote haya, nunua televisheni mpya. Wakati mwingine wana haki nusu. Aprili 2015 YouTube ilifunga mlango uliotumiwa na programu zake za zamani, na televisheni nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2013 zikaipoteza. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya televisheni za Samsung za 2010 na 2011. Skrini hizo zilikuwa nzima, ila programu zake zilikuwa zimezeeka. Kinachohitajika hapo ni kile kijiti cha HDMI, kwa sehemu ndogo ya bei ya televisheni. Kilicho kibovu kweli huonekana kwa njia nyingine. Sauti ikisikika na skrini ni nyeusi, mulika tochi kwa upande: ukiona kivuli cha picha, taa za nyuma ndizo zilizokufa, nayo ni kazi ya fundi. Usiifungue mwenyewe, kwani kapasita za ndani huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Mpelekee fundi pamoja na maelezo: ilianza lini, umeme ulikuwaje siku hiyo, simu ilionyesha nini kwenye Wi-Fi ileile. Fundi aliyepewa majibu hayo hana nafasi ya kukubadilishia vitu vitatu ili alipwe vitatu.

Kufuta mipangilio yote na kuirudisha televisheni kama ilivyotoka kiwandani ni hatua ya mwisho, na kwa kifurushi cha mega chache ni hatua ghali, maana programu zote zitajipakua upya. Usiifanye kabla ya kuangalia tarehe. Na ikiwa mwezi huu mfuko unaruhusu kitu kimoja tu kati ya kifurushi kikubwa zaidi, ruta mpya na akiba ya umeme ya ruta uliyo nayo, nunua akiba, itumie wiki mbili, ndipo uamue kama hayo mengine bado unayahitaji.